Mkwe Kifuani

Kama umewahi kupita stendi ya Bariadi ukaona kijana amevaa fulana ya Mkwawa au ya Kinjekitile, ujue imetoka kwangu. Na kama ulimtazama huyo Mkwawa vizuri ukahisi umeshamwona mahali, labda amepanga foleni ya kununua umeme wa luku, hukukosea. Alikuwa mimi.

Jambo hilo mji mzima ulilijua isipokuwa mwenyewe. Miaka yote niliyochora mashujaa nilidhani nachora mashujaa. Chumba changu kiko mtaa wa nyuma ya soko, kina meza ndefu, fremu za mbao zilizowambwa kitambaa chepesi cha kupitishia wino, makopo ya rangi, na kioo kirefu cha wateja kujitazamia. Juu ya mlango nimeandika kwa mkono wangu: FREDRICK, MSANII NA MTUNZA HISTORIA. Alama niliyopata kwenye somo la Historia kidato cha nne haikuandikwa, ukuta haukuwa na nafasi.

Nilikuwa na imani kwamba vijana wetu wamepotea. Wanavaa vifuani sura za wacheza mpira wa Ulaya ambao hata Simiyu hawawezi kuionyesha kwenye ramani, na watu wetu wenyewe wamesahaulika. Niliamini Mungu ameniweka Bariadi makusudi nirekebishe hilo. Wengi wa mashujaa wangu hawakuacha picha ya kuaminika, na kwangu hiyo ilikuwa nafuu, maana asiye na picha hawezi kuja kulalamika dukani.

Nilikuwa na namna yangu ya kufanya kazi. Nakusanya masimulizi ya shujaa, nakaa mbele ya kile kioo cha wateja, nachora. Kioo kilikuwa cha kuangalia vivuli tu. Kivuli cha chini ya shavu, mikunjo ya paji la uso mtu akikasirika, shingo inavyokaza. Mambo hayo huwezi kuyakisia. Kwa hiyo nilikuwa nakunja uso mbele ya kioo, natazama, nachora, nakunja tena. Nikimaliza naongeza manyoya, au kilemba, au ndevu, kulingana na shujaa alivyokuwa.

Lukresia, fundi cherehani wa chumba cha jirani, aliniambia siku moja kwamba mashujaa wangu wanafanana kama watoto wa mama mmoja. Nikamfafanulia kwa upole, kama mtu aliyesoma anavyomfafanulia ambaye hakusoma, kwamba ujasiri una sura moja. Alinitazama mimi, akaitazama fulana, akarudi kwenye cherehani yake huku mabega yanatikisika. Nilimhurumia kwa kutoelewa sanaa.

Mwaka huu nikataka kuoa. Milembe ni binti wa mzee Masunga wa Bukundi, kule Meatu, na anafundisha shule ya msingi hapa mjini. Alikuja kuagiza fulana za mahafali ya wanafunzi wake, akasoma maneno ya juu ya mlango wangu, akacheka mpaka akashika ukuta. Wanawake wengine walionicheka niliwachukia. Yeye nilitaka acheke tena, na nimekuwa nikitaka hivyo tangu siku ile.

Nikamtuma mshenga, Josia, mtu mwenye ulimi laini na suti moja. Alirudi kutoka Bukundi akiwa mnyonge. Mzee Masunga hakukataa wala hakukubali. Alisema kijana anaonekana hana ubaya, ila anataka kujua kazi yake hasa ni ipi. Josia akamjibu kwamba anachora watu kwenye nguo. Mzee akauliza watu gani. Josia, ambaye siku hiyo ulimi ulimwacha, akasema waliokufa. Mzee akasema jibu atalitoa baada ya mashindano ya ngoma.

Kusubiri ngoma kwa watu wale si kisingizio. Mzee Masunga ni manju wa kundi la Bagika, yaani ndiye mtunzi na kiongozi wa nyimbo. Kila mwaka pamba ikishauzwa, Bagika na wapinzani wao Bagalu wanakutana uwanja mmoja, wanacheza kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake. Hakuna jaji wala alama. Watazamaji wanasimama wanapopenda na wanahama wanapochoka, na kundi litakalojaza watu upande wake ndilo limeshinda, hata kama wamefuata nini huko. Mwaka uliopita watu walihamia kwa Bagalu wote, mzee akabaki anawaimbia wake za wachezaji wake. Inasemekana kwa wiki nzima hakuongea na mtu isipokuwa ng'ombe.

Hapo nikaona mlango. Babu wa mzee Masunga, marehemu Luhaga, alikuwa manju ambaye Bukundi nzima inamtaja mpaka leo. Wanasema akianza kuimba hata wapiga ngoma wa upande wa pili walikuwa wanaacha ngoma zao na kuja kusikiliza. Luhaga hakuwahi kupigwa picha. Nikamtuma Josia aseme kwamba mimi Fredrick nitawavika Bagika wote, wanaume kwa wanawake, fulana zenye sura ya manju Luhaga, zawadi. Jibu lilikuja haraka kuliko nilivyotegemea: aje asikie habari za babu.

Nilikwenda. Niliinamisha kichwa kuanzia geti hadi kwenye kigoda, nikasalimia "Mwangaluka" nikiwa natazama vidole vya miguu yangu, nikaketi hivyohivyo. Mchumba haendi ukweni kuonyesha uso. Na kwa mama mkwe ndiyo kabisa. Kwetu Wasukuma mama mkwe na mkwe wake wa kiume wanaheshimiana kwa kukwepana: hawashikani mikono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia porini mwenzake apite. Mama yake Milembe, mama Benedikta, alizunguka nyuma ya nyumba aliposikia nimefika, na siku nzima nilimfahamu kwa sauti tu. Sauti yenyewe ilikuwa inamwambia Milembe aniongezee michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, kwa hiyo niliipenda.

Wazee wakanieleza habari za Luhaga. Mmoja alisema alikuwa na macho ya mtu aliyeshiba ugomvi. Mwingine akasema paji lake ukiliona unajua huyu hakopeshi. Wa tatu alisema alikuwa mzuri, lakini si uzuri wa kutazama, ni uzuri wa kusikiliza. Niliandika yote kwa bidii. Mzee Masunga mwenyewe hakuwa na la kusema, kwa sababu Luhaga alifariki kabla yeye hajazaliwa. Aliniomba tu nikishachora nimpelekee aone kabla ya kuchapisha. Nikamjibu, nikitazama vidole vyangu, kwamba msanii haonyeshi kazi mbichi. Huo ndio upumbavu wangu mkubwa kuliko wote, na niliusema kwa adabu.

Niliporudi Bariadi nilikaa mbele ya kioo nikamtafuta Luhaga. Macho yaliyoshiba ugomvi. Nikakunja uso. Paji lisilokopesha. Nikakunja zaidi. Nilichora kama mtu aliyepagawa, na kila nilipokwama niliinua macho nikapata nilichotaka palepale. Nikamvika taji la manyoya ya mbuni, nikamning'iniza shanga shingoni, chini nikaandika MANJU LUHAGA. Kwa kweli nilitokwa na machozi kidogo. Nilidhani ni mizimu ya Bukundi imenitembelea.

Lukresia akaja kuazima mkasi, akaiona fulana ya kwanza imeanikwa.

"Huyu mzee," akasema, "mbona asubuhi nimemwona ananunua maandazi?"

Nikamshukuru kutoka moyoni. Nilielewa kwamba nimemfanya Luhaga aonekane hai.

Milembe hakuwa mjini. Shule zilikuwa zimefungwa na alikuwa kwao. Kwenye simu aliniomba nimtumie japo picha moja. Nikakataa, nikamwambia ataona uwanjani pamoja na watu wote. Alisema, "Fredi, wewe ukianza siri mimi tumbo linaniuma." Nikacheka. Nilikuwa najiona mwanaume mwenye mipango.

Siku ya mashindano gari letu kutoka Mwanhuzi, tulikobadilishia gari, lilipasua tairi, tukafika Bukundi ngoma zimeshaanza kupashwa moto. Bagalu walikuwa wameshavaa. Bagika walikuwa wananisubiri vifua wazi, mzee Masunga anazunguka kama kuku anayetaka kutaga. Nikafungua magunia. Fulana zikagawiwa mbiombio, mikono mingi, vichwa vinaingia, hakuna aliyepata nafasi ya kutazama vizuri. Za wanawake alizipeleka Josia, maana kwa wanawake yupo mama Benedikta, kiongozi wa waitikiaji, na mimi huko sikanyagi. Milembe alikuwa nyumbani akipikia wageni.

Mzee Masunga peke yake ndiye aliyeikunjua yake taratibu. Akaishika kwa mikono miwili, akamtazama mtu yule mwenye manyoya kwa muda.

"Ndiye," akasema.

Nisikilize, ndugu msomaji: mtu hajawahi kumwona babu yake, na mimi nimempatia. Nilivimba. Nilitembea nikasimama pembeni ya kundi la Bagika juu ya kinu kilichopinduliwa, mahali ambapo kila mtu angeniona, kwa sababu kazi ya sanaa inapendeza zaidi mwenye kazi akiwepo.

Ngoma zikapigwa pande zote mbili. Mwanzoni watazamaji walikuwa katikati, wamegawanyika. Kisha Bagalu wakatoa fisi. Alikuwa fisi wa mbao, amechongwa kwa ustadi, ana kamba ya kufungua mdomo, na kila manju wao Joakim alipoimba mstari, fisi anaitikia. Watu wakaanza kusogea. Mama mmoja aliyekuwa karibu yangu akanyanyua kigoda chake akaenda. Wakamfuata wengine. Mzee Masunga alipandisha sauti mpaka mishipa ya shingo ikatoka, Bagika wakarusha miguu, vumbi likatimka, na watu wakazidi kuondoka wakitupa migongo. Ukweli ni kwamba fisi alikuwa anachekesha, hata mimi nilimchungulia mara mbili.

Nikaingiwa na hasira. Jibu langu lilikuwa kwenye ngoma ile. Mzee akishindwa tena, nani angethubutu kumkumbusha habari za posa? Na Milembe aliniambia wazi kwamba hataolewa kwa kumkimbia baba yake. Nikafunga mikono kifuani juu ya kile kinu, nikawakazia macho wale watu wasiothamini historia yao. Nikakunja uso kwa nguvu zangu zote.

Joakim ni mtu mwenye macho, na habari za posa yangu zilikuwa zimeshamfikia. Alikuwa anatazama upande wetu ili afurahie tunavyoachwa, akaniona. Akatazama vifua vya Bagika. Akanitazama tena. Akainua mkono, ngoma za Bagalu zikanyamaza, hata fisi akafunga mdomo. Katika mashindano haya kumwimbia mpinzani kejeli ni halali, na mwimbaji mzuri anaitunga palepale. Joakim akaimba kwa Kisukuma, polepole, kila mtu asikie. Kwa Kiswahili ilikuwa hivi: Bagika mlituahidi mtamleta babu, babu mmemwacha kaburini mmeleta mkwe. Yule pale juu ya kinu, amekasirika. Mama wa binti, tuambie, mkwe umemweka wapi leo? Umemweka kifuani. Na je, amelala vizuri?

Watu elfu na kitu waligeuka pamoja. Waliitazama sura iliyo juu ya kinu, wakazitazama zilizo kwenye fulana, zilizokuwa zinapanda na kushuka kwa pumzi za wachezaji. Nikajaribu kutabasamu ili nisifanane. Nilichelewa.

Mzee Masunga aliivuta fulana yake kwa mbele akaitazama kichwa chini miguu juu, akaniinulia macho, akaitazama tena. Sijawahi kuona mtu anafiwa na babu yule yule mara ya pili. Mimi nilikuwa natamani kinu kifunguke niingie, wanitwange.

Nikamwona sasa mama Benedikta. Ndiyo, nilimtazama, kosa juu ya kosa. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, kanga kiunoni, na kifuani pake nilikuwepo mimi, mkubwa, na manyoya. Mwanamke ambaye hakuwahi kukubali hata kivuli changu kimguse alikuwa amecheza na sura yangu kifuani mbele ya wilaya nzima. Wanawake wenzake walikuwa wameziba midomo. Kuivua hadharani hakuwezekani. Kukimbia kungekuwa ndiyo mwisho wa Bagika. Alisimama amefumba macho, na niliogopa kwamba analia. Niliumia. Nilikuwa nimemdhalilisha mtu aliyenionea huruma ya michembe.

Akasema neno moja kwa wanawake wenzake. Wakamzunguka, wakanyoosha kanga zao juu zikawa ukuta. Kanga ziliposhuka, kifuani pake palikuwa peupe. Alikuwa ameigeuza fulana mbele nyuma. Mimi nilikuwa mgongoni. Akafungua kanga yake ya kiunoni, akainama kidogo kama mama yeyote anavyoinama, akaitupia mgongoni juu ya ile sura, akaikaza kwa mbele kifuani, pakabaki kipande cha paji langu na manyoya vinachungulia juu. Akajipigapiga matakoni mara mbili kama anayebembeleza. Kisha akaanza kuimba mwenyewe, bila kumsubiri manju, wimbo wa kumlaza mtoto ambaye amekasirika na hataki kulala.

Uwanja ulipasuka. Wanawake wa Bagika wote wakageuza fulana, wakakaza kanga, wakaanza kunibeba. Wapiga ngoma wakadaka mapigo. Mzee Masunga, ambaye ni msanii wa kweli, hakuuliza swali. Aliingia kwenye wimbo wa mke wake akawa anaitikia kama baba anayelalamika kelele za mtoto. Na watu wakaja. Walikuja wakikimbia na vigoda vyao, na simu juu, wakaja hata waliokuwa wameshika kamba ya fisi. Walitaka kumwona mkwe anayebembelezwa na mama mkwe, kisha wananitazama mimi juu ya kinu kama nimeshalala. Mwishowe Joakim alibaki na ngoma zake na shangazi yake mmoja asiyesikia vizuri. Akacheka, akavua taji lake kwa heshima, akaja upande wetu na yeye kutazama.

Bagika walishinda. Mimi nilishuka kwenye kinu nikaenda kujificha nyuma ya magunia yangu matupu.

Jioni wazee wakakaa uani kwa mzee Masunga. Josia akanivuta nikae nyuma yake, kichwa chini, na safari hii kichwa hakikuhitaji kuambiwa. Mzee Masunga alikuwa na hali ngumu ya mtu aliyefurahi na kukasirika siku moja. Alisema babu yake aliwavuta watu kwa sauti, na mimi nimewavuta kwa aibu, ila waliokuja wamekuja na ushindi ni ushindi. Alisema kwa upande wake haoni sababu ya kumkataa kijana.

Ndipo akasimama Jilala, mdogo wake mzee, baba mdogo wa Milembe, mtu anayejua mila kama wengine wanavyojua bei ya pamba.

"Kaka, subiri," akasema. "Shemeji amembeba huyu mgongoni mbele ya watu. Amemwimbia, amemlaza. Mtu aliyebebwa mgongoni na mama wa nyumba hii ni mtoto wa nyumba hii. Sasa nyie mnataka kumwoza dada yake."

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Wazee wengine wakaanza kukuna videvu, mmoja akasema gete, kweli kabisa, hilo hatukuliona. Mwingine akasema watu wameshalirekodi kwenye simu, haliwezi kufichwa. Mzee Masunga alitazama chini. Nilielewa kwamba mwanamke yule aliniokoa mbele ya wilaya nzima na kwa mkono huohuo amenipokonya Milembe, na kwamba wa kulaumiwa ni mtu mmoja tu, aliyeshindwa kuchora pua ya mtu mwingine. Niliogopa kama sijawahi kuogopa, na mkwe haruhusiwi kulia ukweni, kwa hiyo nilikaza shingo.

Ndani ya nyumba kulikuwa na minong'ono ya wanawake. Mlango ukafunguliwa, akatoka Milembe. Mikono yake ilikuwa bado na masizi ya jikoni. Alikuwa ameshika fulana ya mama yake, imekunjwa ndani ya ile kanga. Akapiga magoti mbele ya wazee.

"Mama anawasalimu," akasema. "Anasema amesikia. Anasema kuna mtu hapa hajawahi kuona mwanamke akimbebea mwenzake mtoto?"

Jilala akasema ameona, nani hajaona.

"Basi anasema ndivyo alivyofanya. Mwenye mtoto alikuwa jikoni anawapikia nyie, mikono imejaa, na mtoto alikuwa anasumbua uwanjani. Mama akamshika kidogo. Sasa chakula kimeiva na mgongo unamuuma. Anasema mwenye naye ampokee."

Jilala akakaa chini polepole kama mtu anayehakikisha kigoda kipo. Alijaribu kutafuta mahali pa kuvunjia maneno yale, nilimwona anatafuta, na hakupata, kwa sababu hakuna mtu Usukumani ambaye hakubebwa na jirani mama yake akiwa jikoni. Mzee Masunga akaanza kucheka tumboni bila sauti.

"Unampokea?" akamuuliza binti yake.

Milembe alifungua kanga, akaikunjua ile fulana, akaishika kwa urefu wa mikono. Kwa mara ya kwanza aliona kazi yangu. Aliitazama kwa makini ya mwalimu anayesahihisha, kisha akanitazama mimi, nami nikasahau adabu zote nikainua uso. Nilikuwa na vumbi, jasho limeacha njia mashavuni, na nina hakika nilikuwa mbaya kuliko shujaa yeyote niliyewahi kumchapisha.

"Hapa umejipendelea," akasema, akaivaa.